Slipingi begi na hema la mlimani: soma kwanza kabla hujatoa hela

Mwezi huu vijana watatu wameniuliza swali lile lile, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wamemaliza form four, wote wamepata nafasi ya kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza kama wapagazi (hapa Moshi tunawaita wagumu), na wote wanataka kujua wanunue slipingi begi gani na hema gani, zuri lakini jepesi. Nimeona niandike mara moja ikae hapa, mwenye shida aje asome. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakwenda, nakili kwenye flashi ukasome taratibu.

Kwanza niwaambie kwa nini nalijua hili jambo, maana si kwamba nimelisoma tu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa njia ya Machame, nasubiri matokeo. Begi la kulalia nilinunua mitumba pale Memorial. Limeandikwa -10 kwa namba kubwa nyekundu, jepesi, linakunjika linakuwa dogo kama mkate. Nikajiona nimelamba dume. Siku ya kwanza msituni mvua ikatupiga kuanzia saa saba mchana mpaka tunafika kambini, na begi nilikuwa nimelifunga kwa nje ya mzigo, ndani ya kimfuko chake kile kile lilichokuja nacho. Likalowa upande mmoja. Nikasema litakauka. Halikukauka. Usiku wa nne tukawa Barafu. Chini nilitandika kipande cha boksi. Nilitetemeka mpaka taya zikauma, halafu kwenye saa tisa usiku nikaacha kutetemeka, nikaona raha, nikaona usingizi mtamu unakuja.

Mpishi wetu alikuwa mtu mzima, amepanda mlima miaka mingi. Akanimulika tochi usoni akaniuliza jina la mama yangu. Nalijua, lakini ulimi ulikuwa mzito kama nimelewa. Akanivua sweta lililolowa, akaniingiza kwenye begi lake, akaninywesha chai yenye sukari nyingi kidogo kidogo. Asubuhi akachukua begi langu akasoma ile lebo, akatikisa kichwa. "Dogo," akaniambia, "hii namba uliyoisoma wewe ni ya kufia."

Nitawaeleza alikuwa na maana gani, maana alikuwa sahihi kabisa.

BARIDI YENYEWE NI KIASI GANI?

Hesabu ni rahisi. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 na kitu. Barafu Camp iko kwenye mita 4,600 na zaidi. Tofauti ni karibu mita 3,800, kwa hiyo toa nyuzi 23 hivi. Usiku wa nyuzi 18 hapa mjini, ule ambao unajifunika shuka moja tu, kule juu ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Na hapo bado hujaweka upepo, wala anga jeupe lisilo na wingu ambalo linaifanya ardhi ipoe zaidi. Usiku wa -10 pale Barafu si habari ya ajabu. Horombo, Barranco na Karanga ziko kati ya mita 3,700 na 4,000, kule maji kwenye chupa yanaweza kuganda juu asubuhi.

Sasa kuna jambo watu hawalifikirii. Njia karibu zote zinaanzia msituni, na msituni kuna mvua hata nje ya masika. Maana yake unalowa ukiwa bado kwenye joto, halafu unabeba ule unyevu kupeleka kwenye baridi. Ndiyo maana nasema adui wa kwanza wa mgumu ni maji, baridi inafuata nyuma yake. Nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili haraka mno kuliko nguo kavu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, tayari ni hatari, hiyo ndiyo haipothemia. Dalili ndiyo hizo zangu: kutetemeka sana, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa, kujikwaa, na mwisho kutetemeka kunaacha. Ukiona mwenzako ameacha kutetemeka ghafla na hana habari na baridi, usimwache alale. Wagumu wamekufa mlimani kwa baridi, na wengi walikuwa vijana wenye nguvu zao.

ANZA NA KIGODORO

Najua umekuja kusoma habari za begi. Subiri.

Begi la kulalia halina moto ndani. Kinachokupa joto ni mwili wako mwenyewe, begi linashika tu hewa iliyotulia kati ya nyuzi au manyoya ili lile joto lisikimbie. Sasa ukilala juu yake, sehemu ya chini inabanwa na uzito wako, hewa inatoka yote, inabaki kitambaa tu. Yaani kwa upande wa chini begi la bei mbaya na begi la bei poa yanakaribiana sana! Kinachokutenga na ardhi ni kigodoro peke yake. Boksi langu lilikuwa kavu kwa saa moja, likawa uji.

Vigodoro vya sponji ngumu, ile nyepesi isiyonyonya maji, ndivyo bora kwa kazi yetu. Vina uzito wa nusu kilo au chini ya hapo, havitoboki, unaweza kuvifunga nje ya mzigo na mvua isivifanye kitu. Vipo vya kujaza upepo, vina joto zaidi na vinalalika vizuri, lakini kokoto moja ya Barafu ikikitoboa umeisha, labda uwe na kiraka na gundi. Vipya vinaandikwa herufi R na namba. Namba ikiwa kubwa ndiyo kinazuia baridi zaidi, na tangu 2020 makampuni mengi makubwa yanapima kwa utaratibu mmoja kwa hiyo namba zinalinganishika. Kigodoro cha sponji cha kawaida ni kama 2. Kwa ardhi iliyoganda unataka 4 au zaidi. Habari njema ni kwamba namba hizi zinajumlishika: vigodoro viwili vya 2, kimoja juu ya kingine, unapata 4. Wawili mkiwa na vigodoro vinne mnalala kama wafalme, na bado si mzigo.

Ila msichanganye na sponji ya godoro la nyumbani. Ile inanyonya maji kama kitambaa cha kudekia, na ukiilalia inabonyea mpaka chini.

LEBO YA BEGI, HAPA NDIPO WENGI TUNALIZWA

Ulaya waliweka kipimo kimoja cha mabegi mwaka 2002, kinaitwa EN 13537. Siku hizi kimechukuliwa na kipimo cha dunia, ISO 23537. Begi lililopimwa hivyo lina namba tatu kwenye lebo, na zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo zikariri.

"Comfort" ni joto ambalo mwanamke wa kawaida analala vizuri, amelegea, bila kusikia baridi. "Limit" ni joto ambalo mwanaume wa kawaida anaweza kulala saa nane akiwa amejikunja, bado hajaanza kuumia. Halafu kuna "Extreme". Hiyo ni joto ambalo mtu anatarajiwa kukaa saa sita bila kufa, basi. Halali. Anaweza kupata madhara ya baridi, lakini asubuhi anakuwa hai. Sasa fikiria ni namba ipi baadhi ya watengenezaji wanaipenda kuiandika kwa herufi kubwa kwenye kimfuko? Ile -10 yangu ilikuwa "Extreme". "Comfort" yake, nilipoitafuta kwenye kalebo kadogo ndani karibu na zipu, ilikuwa nyuzi 7 juu ya sifuri. Hilo begi ni la kulalia Lushoto.

Kwa hiyo soma "Comfort" tu, hata kama wewe ni mwanaume na unajiona chuma. Hivyo vipimo vinafanywa begi likiwa kavu, juu ya kigodoro kizuri, na nguo za ndani za mikono mirefu. Wewe utakuwa umechoka, labda umekula kidogo, na hewa ni nyembamba. Kwa Barafu na Kibo Hut tafuta "Comfort" ya -5 kushuka chini, ukipata -10 shukuru. Begi lisilo na lebo yoyote, au la zamani kabla ya kipimo hicho, namba yake ichukulie kama maneno ya dalali.

MANYOYA AU NYUZI?

Ukiingia mtandaoni kutafuta begi jepesi la baridi, kurasa nyingi utakazozikuta ni za wapanda milima na wawindaji wa Marekani. Hawa wawindaji wana mambo yao. Wanafuata kondoo wa milimani kule Alaska au elk kwenye Rocky Mountains, wanabeba kila kitu mgongoni kwa siku kadhaa, na wakipata mnyama wanashuka na nyama juu ya mzigo ule ule. Kwa hiyo wanahesabu kila gramu, na wengi watakuambia nunua begi la manyoya ya bata. Kwa uzito wako sahihi kabisa. Manyoya laini ya bata au bata bukini yanatuna sana kwa uzito mdogo, yanakunjika vizuri, yanadumu miaka mingi. Begi la manyoya la -10 linaweza kuwa kilo moja na robo hivi, wakati la nyuzi za polista kwa baridi ile ile linafika kilo mbili au zaidi.

Lakini manyoya yakilowa yanashikana mabonge, hayatuni tena, na begi linakuwa shuka. Kukauka ni siku nzima ya jua kali, jua ambalo kwenye ukungu wa Shira huna. La nyuzi likilowa linapoteza nguvu pia, usidanganyike, lakini bado linabaki na utunaji kiasi, unalikamua, na usiku linakupa kitu.

Mwindaji wa Alaska anabeba begi lake mwenyewe, ndani ya begi lake, na anaamua mwenyewe asimame lini mvua ikizidi. Mgumu anatembea na mzigo wa mgeni kichwani au mgongoni, mwisho kilo 20 zinapimwa getini, na vitu vyake vinakuja juu ya hapo. Huna nafasi ya kusimama kubembeleza begi. Ndiyo maana mimi nasema, kwa mgumu wa safari ya kwanza nunua la nyuzi. Utabeba kilo moja ya ziada na utailaani kwenye ule ukuta wa Barranco, lakini usiku utanikumbuka. Mwenye hela ya begi la manyoya na mfuko mzuri usiopitisha maji, sawa, hatugombani.

Ukienda mitumba, usilinunue likiwa limekunjwa. Lifungue, litikise, liache dakika kumi wakati mnapiga stori na muuzaji. Likibaki limelala kama gunia tupu, nyuzi zimechoka, achana nalo hata kwa bei ya bure. Liinue uliangalie kwenye mwanga, utaona sehemu zilizobaki kitambaa kitupu. Vuta zipu mara tano kwenda na kurudi. Hakikisha lina kofia ya kukaza kichwani kwa kamba, na nyuma ya zipu kuna mkunjo mnene unaozuia upepo. Ingia ndani kabisa, usione aibu! Likikubana mabega utaminya nyuzi na kusikia baridi hapo hapo, na likiwa pana kama la watu wawili utapasha hewa usiku kucha bure. Nyumbani lining'inize, usiliweke limekunjwa miezi mitatu, ndivyo yanavyokufa.

Halafu mfuko. Begi la kulalia na seti moja ya nguo kavu za kulalia viingie kwenye mfuko usiopitisha maji, ukunje mdomo mara tatu, ndiyo viingie kwenye mzigo. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata enzi zake ilikuwa inapasuka kabla ya geti. Tafuta ile ya turubai laini inayouzwa kwa wapanda mlima, hata iliyotumika, ujaze maji nyumbani uone kama inavuja. Zile nguo kavu usizivae mchana hata ukisikia baridi namna gani. Ni za usiku tu.

HEMA

Hapa naweza kukuokolea hela nyingi: kama unapanda Kilimanjaro, usinunue hema kwanza. Kilimanjaro hapandwi bila kampuni yenye leseni na mwongozaji, na kampuni ndiyo inatakiwa kuwa na mahema ya wagumu. Uliza kabla ya kukubali safari: tunalala wapi, wangapi kwa hema moja, lina paa la nje? Ukijibiwa "mtajibana kwenye hema la kulia chakula", jua kwamba mtasubiri wageni wamalize kula ndiyo mtandike, na mahema hayo mengi yako wazi chini upepo unapita. Uamuzi ni wako, lakini ujue mapema.

Kwa wale wanaonunua la kwao, labda mna kikundi cha kupanda milima mingine, angalia haya. Hema la baridi liwe na kuta mbili, ya ndani ya kupumulia na ya nje ya kuzuia mvua, na zisigusane. Watu watatu wakilala wanatoa mvuke mwingi kwa pumzi tu. Kwenye hema la ukuta mmoja ule mvuke unaganda kwenye kitambaa, unakudondokea asubuhi, na tumeshasema kuhusu maji. Ndiyo maana pia usizibe matundu yote ya hewa hata kukiwa na baridi. Paa la nje lishuke mpaka karibu na ardhi. Kitako kiwe kimepanda kama beseni, mishono imepigwa utepe kwa ndani.

Fito ziwe za aluminiamu. Za faibaglasi ni rahisi lakini ni nzito na kwenye baridi na upepo zinapasuka kwa urefu, halafu zinachana na kitambaa. Beba kipande cha bomba dogo cha kuvalisha fito iliyovunjika. Pegi pale Barafu haziingii, ni mawe matupu, kwa hiyo hesabu kamba na siyo pegi, unafunga kwenye mawe makubwa. Na usisimike bondeni hata kama panaonekana pamejificha upepo. Hewa baridi inateremka kama maji na kutuama huko, na mvua ikija ni mto.

Uzito ugawanywe kwa vichwa. Hema la mtu mmoja la kilo moja na nusu linaonekana jepesi, lakini la watatu lenye kilo 3 ni kilo moja kila mtu, na miili mitatu inapasha vizuri zaidi. Yale mepesi kupindukia ya wembamba wa karatasi yaachie wenye hela ya kununua jingine.

Nyongeza kidogo. Kuna kampuni inatengeneza vifaa vya hao wawindaji na jina lake ni Kifaru, ndiyo, kifaru huyu huyu wetu! Wanajulikana kwa hema refu kama pia iliyogeuzwa, halina sakafu, na ndani unaweka jiko jepesi la kuni lenye bomba la kutoa moshi juu. Linapendeza kwelikweli kwenye picha. Ila kuni Kilimanjaro ni marufuku, na jambo lenyewe linanipeleka kwenye hili: msiwashe jiko lolote ndani ya hema mnalolala. Si la gesi, si la mafuta ya taa, si mkaa. Moto kwenye hema lililofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unalala na huamki. Mkitaka joto chemsheni maji nje, mjaze kwenye chupa ngumu, mfunike na soksi, muweke tumboni ndani ya begi. Asubuhi ni maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

HELA NI CHACHE, NIANZE NA NINI?

Mfuko usiopitisha maji na kigodoro, hivyo nunua kabisa, ni bei nafuu kuliko vyote. Kofia ya sufi, soksi na nguo kavu za kulalia zinapatikana mitumba. Begi zito unaweza kukodi Moshi mjini kwa safari moja moja mpaka ulipwe, ila lifungue hapo hapo dukani kama nilivyosema. Kwa jaketi, suruali na viatu, nenda KPAP hapa Moshi. Ni mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza 2003, wanawaazima wagumu mavazi ya mlimani bila malipo. Wengi wanaona aibu kwenda kuazima, halafu wanapanda na jinsi. Jinsi ikilowa haikauki leo wala kesho.

Ukishaingia kwenye begi, usifunike pua na mdomo ndani, ile pumzi inalowesha begi kutoka ndani. Kaza kofia, acha tundu la kupumulia. Kula kabla ya kulala hata kama hujisikii, mwili bila chakula hauna cha kuchoma. Na ukibanwa na mkojo saa nane usiku, toka ukakojoe, usiubane mpaka asubuhi. Najua. Toka tu.

Nimesahau jambo moja: zipu. Begi langu la sasa, lile zito la nyuzi, limekufa zipu na mafundi wawili wa cherehani wamenirudishia. Anayemjua fundi wa zipu za mabegi na mahema hapa Moshi au Arusha aache neno kwenye maoni hapo chini. Na wagumu wazoefu mkiona nimekosea kwenye namba au kambi, semeni hapo hapo nirekebishe.